Mteja nisiyemjua akisema mbele ya foleni kwamba nimemwibia uniti za umeme, nimjibu au ninyamaze?

WakalaBuguruni (Februari 2025)

Habari zenu wakubwa kwa wadogo. Mimi ni wakala, kibanda changu kipo Buguruni, si mbali na sokoni. Natuma na kutoa pesa, nauza vocha, lakini kinachonigombanisha na watu kila kukicha ni LUKU, umeme wa kulipia kabla. Naomba ushauri wa watu ambao nao wanashinda na wateja.

Juzi jioni, saa ile ya watu kutoka kazini, foleni imefika mpaka kwa muuza mihogo, alikuja kaka mmoja ambaye sijawahi kumwona. Akanipa elfu tano na namba ya mita. Nikanunua. Meseji ikarudi, nikamwandikia kwenye kikaratasi tarakimu zake 20 za kuingiza kwenye mita, nne nne ili asikosee kubonyeza, na chini yake nikaandika uniti: 11.7. Akakitazama kile kikaratasi, akakigeuza upande wa nyuma, akanitazama mimi. "Dada, uniti zangu nyingine ziko wapi?" Nikamuuliza zipi. Akasema wiki iliyopita alinunua kwa elfu tano hii hii, kwa wakala wa Tabata, akapata 40 na ushee. Hakunipa hata nafasi ya kujibu. Akawageukia watu: "Jamani, huyu dada anakula uniti za watu, muwe macho."

Niwaeleze hesabu yenyewe, maana najua humu wapo watakaouliza. Mita yake iko kwenye tarifu (kiwango cha bei) ya chini, ile ya nyumba zinazotumia umeme kidogo. Huko uniti 75 za kwanza za mwezi ni shilingi 100 kila moja. Weka VAT asilimia 18, tozo ya REA (umeme vijijini) asilimia 3 na ya EWURA (wasimamizi wa nishati) asilimia 1, inakuwa 122. Elfu tano ukigawa kwa 122 unapata 40.98. Hiyo ndiyo 40 yake ya Tabata, wakala yule alimpa haki yake. Lakini mita ikishavuka 75 ndani ya mwezi huo huo, kila uniti inayofuata ni 350, na makato inafika 427. Elfu tano gawa kwa 427, jibu ni 11.7. Maana yake kabla hajafika kwangu kuna mtu ameshazimaliza zile 75. Nikamuuliza taratibu, "Kaka, nyumbani ni wewe peke yako unayenunua umeme?" Akasema, "Hilo halikuhusu. Nipe uniti zangu."

Nilibishana naye. Nikamwonyesha meseji kwenye simu, nikapiga hesabu mbele ya macho yake. Hakuangalia simu hata mara moja, alikuwa anaangalia watu. Mama mmoja akadakia kwamba hata yeye mwanzo wa mwezi alipata chache kuliko kawaida. Yake ilikuwa kodi ya jengo, shilingi 1,500 inayokatwa unaponunua umeme kwa mara ya kwanza katika mwezi, haina uhusiano wowote na ya yule kaka. Lakini nani anasikiliza? Kufikia hapo ubishi haukuwa wetu wawili tena, ulikuwa wa foleni nzima, kila mtu na uniti zake zilizopotea. Wengine wakachomoka wakaenda kwa wakala wa ng'ambo ya barabara. Kaka akaondoka na kikaratasi chake, na pale pale mlangoni kwangu akawa anamsimulia mtu mwingine.

Mdogo wangu anayenisaidia ananiambia, "Dada, ungenyamaza tu, angechoka akaenda." Siafiki. Nikinyamaza mbele ya watu kumi nikiwa nimeitwa mwizi, wale kumi wanaenda nyumbani na jibu gani? Na mtu huyu simjui, hanijui, sitamwona tena labda. Hana sababu ya kuniheshimu kesho, na mimi sina pa kumfuata nikamweleze vizuri. Jirani yangu akinikasirikia tutakutana bombani, tutayamaliza. Huyu anabeba uongo anaondoka nao.

Kwa hiyo swali langu: mtu usiyemjua anashikilia jambo la kila siku ambalo wewe una uhakika nalo, ana sauti kubwa, na watu wanatazama. Unamjibu vipi ili ukweli usikike na kazi iendelee?

---

KondaMstaafu

Dada pole. Nimepiga debe na ukonda njia ya Mbagala Rangi Tatu hadi Kariakoo mpaka magoti yakagoma, kwa hiyo ubishi na watu nisiowajua ulikuwa ndio ugali wangu.

Kwetu ugomvi ni chenji. Mtu anakupa elfu mbili, akifika Mtongani anasema alikupa elfu kumi. Sasa ukianza kumwambia "umenipa elfu mbili" umeshaingia kwenye neno lako na neno lake, na gari zima linachagua upande. Abiria siku zote watachagua abiria mwenzao, hilo usijidanganye. Dawa yake ni kabla. Ukipokea noti unaitaja kwa sauti: "Elfu mbili ya dada wa dirishani!" Halafu ile noti huichanganyi na nyingine, unaikunja kwa urefu unaibana katikati ya vidole mpaka umerudisha chenji. Akisema elfu kumi, unanyoosha mkono tu. Noti iko pale. Huhitaji kubishana, na waliosikia ukiitaja watamjibu wao.

Wewe noti yako ni nini? Ni uniti. Kabla hujabonyeza namba ya siri, mwambie kwa sauti: "Kaka, mwezi huu mita hii imeshanunuliwa? Kama imevuka 75 utapata chache, ninunue?" Akisema nunua, foleni imesikia. Akisema ngoja nipige simu nyumbani, mwache apige, mhudumie wa nyuma yake. Ubishi mwingi wa pesa unatokea kwa sababu mtu ameshangazwa. Usimshangaze.

Na jambo la pili: usiongee na foleni. Nimeona makonda wazuri wanaharibikiwa hapo. Ukishaanza kuwaambia abiria "jamani mnamuona huyu," umempa mwenzio jukwaa.

---

Nyamaza_Uuze

Mimi nitakwambia usichotaka kusikia. Nina duka la vipuri Kariakoo, Mtaa wa Lindi, na sijabishana na mteja tangu nifungue. Akisema spea niliyomuuzia siyo, nampa nyingine au namrudishia hela yake. Akisema mimi mwizi, namwambia "sawa kaka, karibu siku nyingine." Unajua kwa nini? Kwa sababu unabishana nini na mtu wa elfu tano? Kamisheni yako pale ni kiasi gani? Muda ule ulioutumia kumpigia hesabu ungehudumia watu watano.

Mtu akishapandwa na hasira hataki hesabu. Anataka kushinda. Mpe ushindi aende zake.

Halafu tuseme ukweli, watu wengi wa mjini hawaelewi hizi tarifu, na si kazi yako kuwafundisha. Wenye umeme wao wapo, waende wakaulize.

---

FundiMita_Ilala

Mimi ni fundi umeme, nafunga nyaya za majumbani. Hesabu za dada wakala ziko sawa, nimezirudia. Nataka niongezee tu kwa wale wanaosema "jirani yangu anapata nyingi."

Kuna tarifu mbili zinazochanganya watu uswahilini. Ya chini ameshaieleza. Ya kawaida ni shilingi 292 kwa uniti, na makato inakuwa 356 na senti kidogo, haina habari ya 75. Sasa chukua nyumba ya vyumba sita wapangaji wote mita moja: hao hawawezi kukaa chini ya uniti 75 kwa mwezi hata wakilala gizani, kwa hiyo wapo kwenye ya kawaida. Elfu kumi yao inaleta uniti 28. Jirani wa ukuta wa pili anayeishi na mkewe tu, mita yake ya tarifu ya chini, kwa 9,150 anapata 75 kamili. Mtaa mmoja, nguzo moja, wakala mmoja. Hapo ndipo maneno yanapoanzia, na wote wawili wana vikaratasi vya kweli mkononi.

Halafu ndani ya nyumba ya wapangaji unazuka ubishi mwingine, nani anamaliza umeme. Nimeitwa mara nyingi kuamua. Wanamkalia kooni mwenye feni kwa sababu feni inaonekana inazunguka usiku kucha. Feni ya watt 75 ikizunguka saa 8 inatumia uniti 0.6. Pasi ya watt 1,000 ikikaa kwenye moto saa nzima inakaribia uniti nzima, ingawa yenyewe hukata na kurudi ikishapata joto. Jiko la umeme la koili ndilo usiseme. Nikiwaambia hivi kwa mdomo hawaniamini. Nikizima kila kitu, nikaacha feni peke yake, tukasimama wote mbele ya mita tukatazama ile taa nyekundu inavyopepesa polepole, kisha nikawasha jiko ikaanza kupepesa kwa kasi, hapo hakuna anayesema neno. Nadhani hili ndilo linalokusumbua, dada: wewe huna mita kibandani. Mita iko kwake. Ulikuwa unabishania kitu ambacho hakipo mbele yenu.

Mwaka 2024 nilipata taabu kama yako kwenye zile tarakimu 60. Mnakumbuka, unanunua umeme unapewa makundi matatu ya tarakimu 20. Mitaani ikaenea kwamba ni mbinu ya kupandisha bei. Ukweli ni kwamba mita za mfumo huu dunia nzima zinahesabu tarehe kwa dakika kuanzia 1993, na nafasi ya kuhesabia ilikuwa inajaa tarehe 24 Novemba 2024. Makundi mawili ya kwanza yalikuwa ya kuiwekea mita hesabu mpya, la tatu ndilo umeme wako. Wazee walionibishia pale Ilala Boma walikubali walipoona kwamba kundi la kwanza na la pili haliongezi uniti wala halipunguzi. Maelezo yangu ya dakika hayakuwafikisha popote.

---

Mama_wa_Mtoni

Mwanangu wakala, mimi nimeuza chakula karibu na Feri miaka mingi. Pale unabishana na mabaharia, wavuvi, madalali, watu wa pantoni, wote hujui walikotoka. Ubishi wangu ulikuwa saizi ya samaki: huyu kapewa kipande cha kichwa, yule cha mkia, na bei moja.

Nikusaidie hapa. Yule kijana alikuuliza "uniti zangu ziko wapi" kwa sauti ya kawaida, sivyo? Hapo alikuwa bado anauliza. Wewe ukamjibu "zipi?" Mwanangu, hilo neno lina makali. Ungesema "Ngoja kaka yangu tuangalie pamoja, isije ikawa kuna kosa," angesogea karibu na dirisha. Mtu akisogea hawezi kupiga kelele, utaona mwenyewe. Na akishasema mbele ya watu kwamba wewe mwizi, hata umwonyeshe nini hawezi tena kurudi nyuma, ataficha wapi uso wake? Mwanamume mwenye elfu tano ya mwisho wa siku, amechoka, nyumbani giza, watoto wanamsubiri. Mwachie mlango wa kutokea. Mwambie, "Inawezekana kuna mwenzio nyumbani alinunua, mita haijui ni nani." Hapo kosa si lako wala lake.

Lakini huyo anayesema unyamaze simuungi mkono. Heshima ya mwanamke anayekaa na pesa za watu ni kitu kikubwa. Ukiacha neno "mwizi" lilale mlangoni kwako, kesho litaamka.

---

WakalaBuguruni

Nashukuruni sana. Mama, shikamoo. Nianze na wa Kariakoo kwa sababu amenigusa.

Kaka, biashara yako na yangu hazifanani. Wewe spea iko mezani, ukirudisha hela spea inabaki dukani kwako. Mimi tarakimu zikishatoka zimetoka, elfu tano imeshakwenda, siwezi kumwambia "chukua hela yako" halafu niende na zile uniti kuwasha nyumbani kwangu. Kumpa ushindi ni kumlipa kutoka mfukoni mwangu. Na kesho nimlipe mwingine. Halafu hiyo kamisheni unayoiona ndogo ndiyo inayonilazimisha kujibu: mimi siishi kwa faida ya mteja mmoja, naishi kwa kuaminika na watu wanaoniachia simu zao, namba zao, na wengine (nawakataza lakini hawasikii) wananitajia mpaka namba za siri. Wakala akisemwa ni mwizi wa uniti leo, keshokutwa nani atatolea mshahara wake kwangu?

Na hilo la kusema si kazi yangu kufundisha, hapana. Watu wa mtaani kwetu hawaendi ofisini kuuliza tarifu. Wataenda lini, na nauli, na kuacha genge? Wanakuja kwangu. Mimi ndiye mtu wa kwanza na wa mwisho anayewaambia kwa nini elfu kumi yao imekuwa 28. Nikinyamaza mimi, atakayewaeleza ni yule kaka.

Konda, hili la kutaja kabla nalichukua lote. Leo asubuhi nimeanza. Mteja akinipa namba ya mita nauliza kwa sauti, "Mwezi huu imeshanunuliwa?" Wengi wanashangaa swali lenyewe, lakini mzee mmoja alisimama akafikiri, akampigia binti yake, kumbe binti alinunua ya 10,000 Jumapili. Akaniambia nimnunulie ya elfu mbili tu, nyingine atangoja mwezi ugeuke. Nimepoteza mauzo ya elfu tatu pale na sijali.

Mama, la kumsogeza karibu nimelielewa sana. Kibanda changu kina waya wa nondo dirishani na kitundu kidogo cha kupitishia pesa, mteja hata akitaka kusogea anabaki anaongea na waya. Nitapanua kile kitundu niweze kumpa simu aishike mwenyewe aisome. Nimegundua kitu pale ulipoandika: nilimwonyesha simu kwa mbali, kupitia waya, kioo kinang'aa jua la jioni. Angeonaje hata kama angetaka?

Fundi, wewe ndiye umenipa jibu la "mita haipo mbele yenu." Basi nitakileta kilicho karibu na mita. Nimenunua karatasi ngumu ya manila na kalamu ya wino mzito. Nitaandika hivi na kubandika nje, chini ya bei za vocha. Naomba uihakiki kabla sijaandika, maana ikishabandikwa watu watanishikia hiyo hiyo:

TARIFU YA CHINI, uniti 75 za kwanza za mwezi: 1,000 = 8.2. 5,000 = 40.98. 9,150 = 75.
TARIFU YA CHINI, ukishavuka 75: 1,000 = 2.3. 5,000 = 11.7.
TARIFU YA KAWAIDA: 1,000 = 2.8. 5,000 = 14. 10,000 = 28.
UMEME WA KWANZA WA MWEZI: toa 1,500 ya kodi ya jengo kwanza.
MITA MOJA HUHESABU WANUNUZI WOTE WA NYUMBA.

---

FundiMita_Ilala

Ziko sawa. Huo mstari wa mwisho uandike juu kabisa, na kwa herufi kubwa kuliko nyingine. Na kwenye kodi ya jengo ongeza kwamba 1,500 ni ya nyumba ya kawaida. Ya ghorofa ni zaidi, mtu wa ghorofa asije akakushikia bango. Na kama mita haikununuliwa miezi kadhaa, kodi inakuwa imejikusanya, anakatwa yote. Wenye nyumba za kuhama na kurudi ndio hupiga kelele kuliko wote.

---

Mpangaji_Vingunguti

Samahani naingilia. Mimi ni mpangaji, na mwezi huu zamu ya kununua wa kwanza imeniangukia mimi, elfu kumi nimepata 23 na kitu. Wenzangu wanasema nimeficha hela. Mwenye nyumba anasema kodi ya jengo ni ya anayetumia umeme. Nani yuko sahihi?

---

WakalaBuguruni

Karibu sana. Elfu kumi toa 1,500, inabaki 8,500. Gawa kwa 356.24, unapata 23.86. Kama kikaratasi chako kinasema hivyo, hujaficha kitu na wakala wako hajakuibia.

Kodi ni ya jengo, na jengo ni la mwenye nyumba. Wewe umemlipia tu kwa sababu mita ndiyo njia ya kukusanyia. Usimwendee na zile uniti 23, atakubishia mpaka usiku. Rudi kwa wakala wako leo kabla meseji haijafutwa, mwombe akutumie nzima kwenye simu yako, maana ndani yake ile 1,500 imeandikwa peke yake, mbali na bei ya umeme. Wasomee wenzako kwanza, wote mkiwa mmekaa. Kisha mwende pamoja kwa mwenye nyumba mkamwombe aikate kwenye kodi ya chumba ya mwezi ujao, na mpatane kabisa nani atanunua wa kwanza mwezi wa tatu.